Winnie wa kwenye TV kumbe ni mtu wa hesabu

Jamani, saluni za Moshi zina mambo.

Leo mchana nipo huku Mbuyuni nasubiri zamu. TV inaonyesha filamu ya Krismasi ya Kimarekani, zile ambazo mwisho unaujua dakika ya tano. Msusi anauliza, "Huyu dada si alianza zamani sana?"

Nikadakia. Ni Danica McKellar! Ndiye Winnie Cooper wa The Wonder Years, tamthilia iliyoanza 1988 yeye akiwa binti mdogo, ikaisha 1993.

Ilipoisha akaenda chuo kikuu cha UCLA kusoma hisabati. Akahitimu 1998. Akiwa bado mwanafunzi, yeye, mwenzake na mwalimu wao walithibitisha nadharia ambayo leo inaitwa kwa majina yao matatu. Baadaye akaanza kuandika vitabu vya hesabu vya kuwatoa wasichana woga, cha kwanza 2007. Na bado anaigiza!

Kwenye kiti alikuwepo binti wa kidato cha pili, yuko likizo, anasukwa twende kilioni. Akageuka ghafla, msusi akabaki na rasta mkononi.

"Anti, yaani alikuwa staa, halafu akaenda kusoma hesabu? Kwa hiari yake?"

Saluni nzima tukaangua kicheko. Yeye hakucheka hata kidogo. Alikuwa anasubiri jibu, macho yamemtoka.

Nikamwambia ndiyo, kwa hiari yake. Akaniomba nimwandikie lile jina kiganjani.

Haya, semeni: nani aliwatia hofu ya hesabu, na nani aliwatoa?