Nilinunua fimbo ya mikono miwili vibaya kabla nijue kununua vizuri: safari yangu ya samoni hapa Aberdeen

Mimi ni wa Nyeri, upande wa Othaya, na mtu wa kwetu akikwambia anajua kuvua jua anaongea kuhusu trauti wa mto Gura, mwanzi umekatwa shambani, uzi wa nailoni, ndoana moja na mnyoo, halafu jicho moja linaangalia maji lingine linaangalia askari wa msitu. Hiyo ndio shule yangu ya uvuvi. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba hata wale samaki sio wenyeji wa kwetu, ni mkoloni Ewart Grogan aliwaleta 1905 akawatoa Loch Leven, na Loch Leven iko huku huku Uskoti ninakoishi sasa, kwa hivyo tuseme mimi na wale samaki tumebadilishana makao.

Nafanya kazi ya kulea wazee hapa Aberdeen, mwaka wa sita huu. Siku moja tukawapeleka wazee Banchory kwa basi, kuna mahali panaitwa Falls of Feugh, unasimama kwa daraja unaona samoni wakiruka maporomoko, samaki mkubwa kama mguu wa mtoto anajitupa juu anagonga jiwe anarudi chini anajaribu tena. Nikakaa pale mpaka nikasahau kuhesabu wazee. Tukirudi tukapita kando ya mto Dee nikaona jamaa amesimama majini hadi kiunoni ameshika fimbo ndefu kama mlingoti kwa mikono miwili, hatupi nyuma kama wale wa fimbo fupi, anazungusha tu mshipi unajichora juu ya maji halafu fyuu unaenda mpaka ng'ambo. Nikasema hii lazima niijue.

Sasa kabla ya vifaa kulikuwa na shida ingine. Uskoti haina leseni ya serikali ya kuvua kwa fimbo kama kule Uingereza yenyewe, lakini kila kipande cha mto kina mwenyewe na bila tiketi yake wewe ni mwizi tu. Na Jumapili hakuna kuvua samoni, ni sheria, kabisa. Na mimi ofu yangu ilikuwa ni Jumapili! Tunashukuru Mungu kuna dada mmoja Mnaijeria kazini alikuwa analia kila wiki hapati nafasi ya kwenda kanisa, nikampa Jumapili yangu akanipa Jumanne yake, kila mtu akaenda kuabudu kwake.

Haya, vifaa. Kosa la kwanza nilinunua fimbo kabla ya kuuliza mtu yeyote. Niliona onlaini fimbo ya mitumba, futi 15, namba 10 (hiyo namba inaonyesha uzito wa mshipi unaoifaa), pauni 90 pamoja na rili, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, nikaona hiyo ndio ya wanaume. Mke wangu kuifungua akaniuliza, Baba Shiku, sasa hii tutatundika bendera gani? Nikamwambia subiri utakula samoni (hiyo nayo ilikuwa uongo, nitaeleza). Halafu nikaenda dukani kutafuta mshipi, fimbo imeandikwa 10, mshipi umeandikwa 10, namba zimelingana, nikalipa nikaenda nyumbani nikifurahi.

Wiki tatu nilipiga yale maji kama mtu anayepura maharagwe. Fimbo haipindi. Mshipi unaangukia miguuni. Nikafikiri shida ni mimi, nikaenda kufanya mazoezi kwa nyasi uwanjani, ndio mbaya zaidi, kwa sababu huu urushaji wa mikono miwili, wanauita Spey, unategemea maji yashike ncha ya mshipi kidogo, hiyo ndio nanga, halafu mshipi unajikunja nyuma yako kama herufi D na fimbo inapinda kwa uzito wa hiyo D. Nyasi hazishiki kitu. Watoto wa mtaa walikuwa wananiangalia tu.

Aliyenikomboa ni mzee mmoja wa pale mtoni, amestaafu, huwa anakaa kwa benchi na flaski yake ya chai. Alinitazama kama dakika kumi hivi halafu akaja akaniambia, kijana, leta hiyo. Akavuta mshipi kwa vidole, akaupima kwa mkono, akacheka hadi akakohoa. Akaniambia huu ni mshipi wa fimbo ya mkono mmoja. Kumbe namba 10 ya mkono mmoja na namba 10 ya mikono miwili ni watu wawili tofauti kabisa! Ile ya mkono mmoja, futi 30 za kwanza zina greni 280, yaani kama gramu 18. Fimbo yangu ilikuwa inataka gramu 40 na kitu. Nilikuwa naiwekea hata nusu haifiki, ni kama kumtandika punda na kikapu kitupu halafu unashangaa mbona hahisi mzigo. Akafungua mfuko wake akanifungia kichwa cha mshipi wake, yaani kile kipande kizito cha mbele, akasema jaribu. Manze, ile fimbo iliamka mkononi! Mara ya pili tu ukaenda mbali kuliko wiki tatu zote.

Kwa hivyo kama unataka kuanza na utasoma kitu kimoja tu hapa, soma hiki: achana na namba ya fimbo, uliza gramu. Ukinunua fimbo mtengenezaji anatoa kiwango cha uzito, huku Ulaya mara nyingi wanaandika kwa gramu, Wamarekani wanaandika kwa greni, gramu moja ni greni 15 na nusu hivi. Mimi nimeandika kwa peni ya alama juu ya mpini kabisa wa fimbo ninayotumia sasa, 34, ndio nisidanganywe tena na mtu wa duka.

Fimbo yenyewe niliibadilisha baada ya msimu mmoja. Futi 15 sio mbaya, kuna sehemu za mito ya Spey na Tay chini kule mto umepanuka inafaa sana, na ukiwa na mshipi mrefu inarusha mbali bila jasho. Lakini mimi tiketi ninazomudu ni za vipande vidogo vya juu, mto una mita 25 au 30, miti imeinama juu ya kichwa, samaki amelala karibu. Fimbo ya mita nne na nusu hapo ni kujitafutia matawi. Mgongo nao ulikuwa unaniuma, ukishainua wazee usiku kucha hutaki kuinua fimbo mchana kutwa. Nikaiuza nikachukua futi 13, namba 8, ya vipande vinne, hii nayo sio mpya. Mzee alinishauri nisichukue ngumu sana. Fimbo ngumu inataka mkono unaojua saa, ukichelewa kidogo inakuaibisha, lakini inayopinda mpaka katikati inakungojea, unahisi uzito ukiingia. Kuna pia zile fupi za futi 11, unaweza kurusha kwa mkono mmoja ama miwili, nilishika ya jamaa mmoja, kusema kweli kwangu ilikuwa kama kitanda cha kukunja, kinafanya kazi zote mbili na hakuna hata moja kinafanya vizuri. Wengine watanipinga, sawa tu.

Na kwa mikono, kitu kilichonichukua muda ni kwamba mkono wa chini ndio unafanya kazi. Sisi tuliozoea mwanzi tunasukuma na wa juu. Hapana, wa juu unaongoza tu, wa chini unavuta kuja tumboni.

Sasa mishipi, hapa ndio pesa inaliwa na ndio watu wanachanganyikiwa. Kuna ule mrefu wa kizamani, tumbo lake, ile sehemu nene, linapita futi 60, unarusha bila kuvuta uzi ndani sana, mzuri kwa mto mpana na kwa mtu anayejua, mimi bado. Halafu kuna vichwa vifupi ambavyo unavifunga kwa kitanzi kwenye uzi mwembamba wa kukimbilia, kichwa kinatangulia kinaburuta uzi nyuma. Kuna Skandi, kilichotoka nchi za Skandinavia, kirefu kidogo, kimechongoka mbele polepole, kinatua taratibu. Na kuna Skagit, hilo jina ni la mto wa jimbo la Washington huko Marekani, wale wanavua trauti wakubwa wa baharini wakati wa baridi, kwa hivyo kichwa chao ni kifupi na kinene, kimetengenezwa kubeba ncha nzito za kuzama na nzi (ndoana iliyofungwa manyoya, ndio chambo chetu) mkubwa kama kuku. Ncha moja wanaiita T-14 kwa sababu kila futi ina greni 14, hiyo huwezi kuirusha na Skandi, itakugeuka.

Mimi nilinunua Skagit kwanza kwa sababu video zote nilizoona zilikuwa za Wamarekani. Ni rahisi kujifunza nayo, siwezi kudanganya, inasamehe makosa. Lakini Dee wakati wa kiangazi maji ni ya kina kifupi na ni safi kama gin, unaona kila jiwe, na kile kichwa kinatua kama kofi. Watu wa Dee kwa miaka mingi wamevua na mshipi wa kuelea na nzi mdogo, kuna Arthur Wood pale Cairnton karibu miaka 100 iliyopita aliyejulikana kwa mtindo huo, nzi anaogelea chini kidogo tu ya uso wa maji. Kwa hivyo sasa nina Skandi ya gramu 34, kama mita 11 hivi. Kipimo nilichopewa ni kichwa kiwe mara mbili na nusu mpaka mara tatu ya fimbo. Mbele naunganisha lida, kipande cha kati ya mshipi na nzi, ya futi 10 ambayo inaweza kuwa ya kuelea ama ya kuzama, ziko za kasi mbalimbali, na hizo ni rahisi kuliko kununua mshipi mwingine. Mwezi wa pili na wa tatu mto umejaa na ni baridi ya kuua, naweka ya kuzama haraka na nzi wa bomba, yule anayefungwa juu ya kibomba kidogo. Mwezi wa sita naweka ya kuelea na nzi kadogo, Stoat's Tail au Cascade. Ile Skagit bado iko kwa droo, huitoa mafuriko yakija.

Uzi wa kukimbilia nao usiudharau. Wa nailoni tupu unaruka mbali sana lakini baridi ikiingia unajikunja kama springi na vidole vikishakufa ganzi huwezi kuushika, unateleza wakati ule ule unataka kuvuta. Nimehamia ule uliofunikwa na plastiki, napoteza mita mbili tatu, sijali.

Rili sina mengi. Samoni haendi kama samaki wa baharini, breki ya kawaida inatosha na kiganja chako. Lakini angalia vitu viwili. Cha kwanza nafasi, kwa sababu namba ya rili nayo mara nyingi imehesabiwa kwa mshipi wa mkono mmoja, kwa fimbo ya namba 8 ya mikono miwili nilichukua rili iliyoandikwa 10/11 ndio ikaingia kichwa, uzi wa kukimbilia na mita 150 za uzi wa akiba wa nyuma. Cha pili uzito, na hapa usinunue nyepesi eti ni ya kisasa! Weka rili na mshipi wote, halafu weka fimbo juu ya kidole pale mkono wa juu unaposhika, ikilala sawa umepata. Ikiinama mbele utabeba hiyo ncha siku nzima. Rili yangu ni ya zamani ya kelele, nzito, watu waliovaa suruali zao za kuvulia za bei kubwa wananiangalia, lakini fimbo inalala sawa.

Upepo pia nimejifunza kwa sikio langu, kihalisi, nzi aliniingia sikioni. Ukivuma kutoka juu ya mto kwenda chini, nanga ya mshipi iwe upande wa chini wa mwili wako. Ukivuma kinyume, upande wa juu. Siku ile nilijua hayo kwa kichwa, mkono ukasahau. Na zungushia tepu ya umeme kila kiungo cha fimbo, kwa sababu huu urushaji unasokota na viungo vinalegea polepole bila wewe kujua. Mimi nilipuuza, katikati ya kurusha kipande cha juu kikatoka kikateleza kwa mshipi kikaenda na maji, bahati kikagota kwa fundo la nzi nikakivuta kama samaki. Mzee pale benchi alimwaga chai.

Na samoni je? Bado. Hata nikimpata namrudisha, kwa sababu wamepungua sana, tangu mwisho wa 2023 wamewekwa kwenye orodha ya walio hatarini hapa Britania, ndio nikasema ile ahadi kwa mke wangu ilikuwa uongo. Msimu wa Dee unafungwa 15 Oktoba, na mwaka jana wiki ya mwisho mshipi ukakaza katikati ya mto, moyo ukaja mdomoni, nikainua mita nne za kaboni na rili ikalia mara moja tu. Alikuwa trauti wa kiganja, ana madoa mekundu, wale wale wa Gura. Nikampiga picha ndani ya maji nikamwachilia, nikamtumia binamu yangu Othaya. Akajibu ati, hiyo fimbo yote ni ya huyo?