Soya mwitu iliyogoma kukaa tawi moja

Sampuli ilikuwa ya Glycine tomentella, ndugu mwitu wa soya anayetambaa huko Australia. DNA ya kloroplasti iliiweka vizuri kwenye tawi moja la mti wa ukoo. Jeni ya histoni H3-D (histoni ni protini ambazo DNA huzungushiwa), iliyo ndani ya kiini, haikusomeka: kwenye grafu ya usomaji, ambapo kila herufi ya DNA huwa na kilele chake, kila baada ya herufi kadhaa vilele viwili vilipanda mahali pamoja, C na T, kimoja kimebebwa mgongoni na kingine.

Nikadhani nimechafua mirija. Nikatoa DNA upya kwenye jani jingine, nikabadilisha hadi maji. Vilele vikarudi palepale. Uchafu hauna nidhamu ya namna hiyo.

Ndipo nikahesabu kromosomu, kazi niliyopaswa kuanza nayo. Zilikuwa 80, mara mbili ya 40 za soya ya shambani: huenda mmea ulibeba seti mbili tofauti. Spishi hii ina mimea ya 38, 40, 78 na 80, na kwa macho huwezi kuitenganisha kwa uhakika.

Basi nikaingiza zao la PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) kwenye plasmidi, viduara vidogo vya DNA, nikazipandikiza kwenye bakteria ili kila koloni ibebe nakala moja tu, nikasoma makoloni manane, moja moja. Nakala mbili zikajitokeza: moja ikaenda kule kule kwa kloroplasti, ambayo kwenye soya hutoka kwa mama, ya pili ikaangukia kundi jingine kabisa. Mmea ni mseto. Koloni moja ilianza kama nakala ya kwanza ikamalizika kama ya pili. Hiyo ni PCR imeunganisha vipande, nikaitupa.