Nilivyoiuza asali iliyoganda

Simama mbele ya rafu ya asali katika duka lolote kubwa Dar es Salaam usome lebo. Karibu kila chupa ina picha ya nyuki na maneno "asali asilia, asilimia 100". Yangu nayo ilikuwa hivyo. Nilipoanza kuuza asali ya Sikonge, mkoani Tabora, pale Sinza nilipita njia ya wote: vipeperushi, bango, gari la spika, punguzo la sikukuu. Watu walikuja. Siwezi kusema matangazo hayasaidii, maana bila bango wengi wasingejua kama duka lipo. Ila mtu akishaingia, swali ni lile lile: "Dada, hii haijachakachuliwa?" Hapo bango halina jibu, kwa sababu hata anayechanganya na sukari anatundika bango kama langu.

Nikaamua kushughulika na swali hilo kuliko kitu kingine chochote.

Lebo mpya ikaacha sifa, ikataja wilaya, msimu na mti. Kwenye misitu ya miombo ya Tabora asali ya katikati ya mwaka hutokana zaidi na maua ya muba, na ya kuelekea mwisho wa mwaka na maua ya mtundu. Ladha zake hazifanani, na mteja akizionja kwa kijiko, moja baada ya nyingine, anaanza kuuliza habari za msitu badala ya bei.

Kazi kubwa ilikuwa asali iliyoganda. Wengi wanaamini asali ikiganda ni sukari imetiwa, kwa hiyo wauzaji huificha au huichemsha hadi harufu yake inapotea. Kumbe kuganda ni glukosi ya asali yenyewe inayojitenga na kuwa chenga, hasa penye ubaridi, na ukiiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu inarudi kuwa laini. Mimi nilizipanga chupa zilizoganda mbele kabisa, mlangoni, na maandishi makubwa: "Imeganda. Uliza kwa nini." Waliosimama kuuliza ni wengi kuliko waliowahi kufuata gari la spika, na nilimweleza kila mmoja bila haraka.

Kuna waliokuja na njiti ya kiberiti. Wanaichovya kwenye asali, wanaiwasha, ikiwaka wanasema ni halisi. Wengine huidondosha kwenye glasi ya maji. Mzee mmoja alitaka nimfanyie vyote viwili, nikamwambia, "Baba, hata sukari iliyopikwa ikawa nzito itazama chini ya glasi vilevile." Nikamwonyesha kipimo changu kidogo cha mkononi kinachosoma kiasi cha maji. Asali ya nyuki wakubwa, wale wanaouma, maji yake yakivuka asilimia 20 ni rahisi kuchachuka, na ninayopokea naipima mbele ya anayeniletea. Nikamwambia pia kwamba kipimo hicho hakigundui sukari. Ninachoweza kumwonyesha kuhusu hilo ni mtu ninayenunua kwake na msitu anakorina. Alinunua chupa ndogo. Baadaye akamleta mkewe.

Asali ya nyuki wadogo, wale wasio na mwiba, ilihitaji maelezo zaidi. Ni nyepesi, ina uchachu, na asiyeijua atadhani imetiwa maji, tena bei yake iko juu. Hiyo siiuzi kwa mtu ambaye hajaionja.

Njia hii ni ya polepole, na mwenye kodi ya fremu mgongoni ataiona ndefu. Bango nimelibakiza, gari la spika nimeliacha. Wateja wa kudumu sasa wananiandikia kuuliza kama ya mtundu imeshafika. Mwenye duka la Mikocheni anayechukua jumla aliniomba nimpelekee isiyoganda peke yake, eti wateja wake watakataa. Nikampelekea zote mbili, pamoja na karatasi ya maelezo ya kubandika kwenye rafu. Mzigo uliofuata aliagiza mchanganyiko.