Kibao changu cha Jumapili

Nilipovuka kuja Unguja kufungua kibanda cha ufundi simu karibu na soko la Darajani, Wakristo wenzangu walinipa ushauri mmoja: habari za imani ziweke kando kwanza, huku si Bara, subiri wakuzoee. Nikamuuliza mzee mmoja wa kanisa, wanizoee mpaka lini? Akasema nisiwe na pupa, yeye yuko kisiwani tangu ujana wake na bado anasubiri. Mvi zake nilikuwa naziona.

Tena si kwamba Ukristo ni siri Unguja. Kanisa la Mkunazini liko karibu na hapo nilipo. Lilianza kujengwa 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na limesimama palepale palipokuwa soko. Vijana wanaotembeza watalii, Waislamu wengi wao, wanalieleza kanisa lile vizuri kuliko mimi. Sasa mimi nijifiche nini?

Rafiki yangu wa Mwanza naye akaja na lake: nunua spika, piga kwaya kutwa nzima, neno litawafikia wenyewe. Nikapiga. Muuza urojo wa jirani akavumilia, akavumilia, mwisho akaja na upawa mkononi. Mimi nikajiandaa kwa ugomvi. "Fundi," akasema, "hiyo besi imepasuka. Watu watakuletea simu zao kweli wakisikia spika yako inavyokoroma?" Nikazima palepale. Wateja wawili walikuwa wanacheka.

Dawa niliipatia kwenye siku ya Jumapili. Sifungui Jumapili, na kila Jumatatu nilikuwa napewa pole ya homa. Siku hiyo nikakata boksi la spea, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: "Leo nipo kanisani. Ukitaka kujua kwa nini, niulize kesho." Nikalining'iniza mlangoni. Aliyenishauri kusubiri alipoliona akashika kichwa.

Jumatatu asubuhi akaja babu mmoja wa baraza la kahawa, Mpemba, kikombe mkononi. "Haya, mwanangu, leo ndiyo kesho. Nimekuja kuuliza."

Nilikuwa nimejipanga na hotuba, maana nilijua ataanza na Nabii Isa. Hakuanza huko. Akauliza, "Yule mwenzako uliyempa hela za vioo aende Kariakoo, akapanda boti akapotelea huko, mbona hukumshitaki? Baraza zima tumelijadili hilo, hatukupata jibu."

Hotuba yote ikayeyuka. Nikamwambia jibu liko Mathayo 18, nikamsimulia. Mtumwa mmoja alidaiwa na mfalme talanta elfu kumi, akasamehewa zote. Akatoka nje, akamkaba koo mwenzake aliyekuwa na deni kwake, dinari mia tu. Babu akauliza, talanta ndiyo kiasi gani? Hapo ndipo ufundi simu ulipofaa. Nikafungua kikokotoo kwenye simu ya mteja iliyokuwa mezani (kioo kipya, nilikuwa naijaribu tu). Dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku moja. Talanta moja ni kama dinari 6,000. Zidisha kwa 10,000: siku milioni 60 za kazi. Gawa kwa 365. Ikaja miaka 164,000 na zaidi, bila kupumzika hata Idi.

Babu akaichukua simu, akaipiga hesabu upya mwenyewe. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mfalme huyo asingefungua duka Pemba!"

Nikamwambia, deni la miaka hiyo ndilo langu kwa Mungu, na mimi naamini Yesu alilibeba msalabani. Vioo vya Kariakoo ni dinari mia. Akasema sisi hilo la msalaba hatulikubali, nikamwambia najua, babu, lakini umeniuliza kwa nini sikushitaki, na sina jibu jingine. Akanywa kilichobaki, akaenda zake kwa amani.

Ukijaribu kibao kama changu, mrudishie mtu simu yake kwanza, chukua chako, ndipo uzungumze. Usimhubirie mtu ambaye simu yake umeishika. Mwezi wa Ramadhani jioni fupisha, watu wanawahi futari. Na boksi huloa mvua za masika, lifunike nailoni.

Wiki iliyofuata babu akamtuma mjukuu wake na simu iliyopasuka kioo, pamoja na swali: yule mtumwa mkaba koo, mfalme akamfanya nini? Nikamjibu hapohapo, sikungoja babu aje: alighadhibika, akamtia mikononi mwa watesaji mpaka alipe deni lote. Nikamaliza kioo, nikataja bei, elfu thelathini na kitu.

Kijana akakohoa. "Babu kasema hiyo haifiki dinari mia, umsamehe."

Nikamtoza nusu.