Choo kilichoacha kuvuja kila fundi alipokuja

Tulipohamia kwetu Kimara, kitu nilichoringia kuliko hata makabati ya jikoni kilikuwa choo cha batani mbili. Batani ndogo lita 3, kubwa lita 6. Nikasema aliyebuni kitu hiki lazima alikuwa Mswahili, maana sisi haja ndogo na haja kubwa tulishazigawa zamani, choo kimekuja kutufuata tu. Kumbe ni Mwaustralia, Bruce Thompson wa kampuni ya Caroma, mwaka 1980, na cha kwanza kilikula lita 11 kwa batani kubwa na 5.5 kwa ndogo.

Basi mwezi wa pili bili ikaja na uniti 19. Sisi tuko watano, tumezoea uniti 11. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo kubwa 50. Uniti 8 za ziada ni ndoo 400, na hakuna aliyefua mazulia. Simtanki letu la lita 2,000, ambalo maji ya mgao yakikatika lilitufikisha siku ya tano, likawa siku ya tatu linatoa upepo.

Usiku ndipo nikasikia. Chiii... kimya. Baada ya kama dakika kumi, chiii tena. Sistani, lile tangi dogo la maji nyuma ya choo, inajijaza na chooni hakuna mtu. Asubuhi, kabla watoto hawajaamka, nikakoroga bluu ya kufulia kwenye kikombe, nikaimimina ndani ya sistani, nikarudisha mfuniko. Nusu saa baadaye ukutani mwa sinki la choo kulikuwa na mchirizi wa bluu, mwembamba kama uzi, unateremka taratibu. Ndoo zangu 400 hizo.

Nikamwita fundi. Akafungua mfuniko, akainama, akamulika na tochi ya simu. "Dada, mbona hapa pakavu?" Kweli, pakavu. Akabadilisha washa hata hivyo, ule mpira unaoziba tundu la maji chini ya sistani, akachukua hela yake, akarudisha mfuniko, akaenda. Usiku: chiii. Wa pili naye akakuta pakavu. Huyu akashusha boya ili "kupunguza matumizi", akaweka washa nyingine. Usiku: chiii. Ni kama lile gari linalogonga njia nzima, likifika gereji linanyamaza. Baba Jamila akaanza kunitazama kama mtu anayesikia sauti.

Nilikuja kujua kwa uvivu. Jumamosi moja nilisugua ndani ya sistani, mfuniko ule wa kauri mzito nikauacha sakafuni, nikasema nitaurudisha kesho. Usiku huo kimya kabisa. Asubuhi nikaurudisha, na kabla sijamaliza kunawa mikono, chiii. Nikauondoa: kimya. Nikaurudisha: chiii. Hapo nikacheka peke yangu chooni. Mafundi wote wawili walikuwa wanautibu ugonjwa baada ya kuuondoa kwa mikono yao wenyewe.

Batani ziko kwenye mfuniko. Chini yake zina vijiti viwili vya plastiki vinavyoshuka kusukuma valvu iliyo katikati ya sistani, ile inayonyanyuka kuachia maji. Kijiti kikiwa kirefu mno, kinakalia valvu muda wote, kana kwamba mtu ameweka kidole kidogo tu na hataki kukiondoa. Valvu hainyanyuki sana, lakini washa haikai sawasawa kwenye tundu, na maji hayahitaji mlango mkubwa. Zile sistani za zamani za mnyororo hazikuwa na ugonjwa huu: maji yalipaswa kwanza kupandishwa juu ya kizingiti ndipo yateremke, kwa hiyo usipovuta hayana pa kupita. Hizi za sasa zina tundu chini, na linalindwa na kipande cha mpira tu.

Vijiti vyangu vilikuwa na hesi, ile mikato ya kuzungusha kama ya skrubu. Cha batani kubwa nilikizungusha kwa vidole mpaka kikafupika. Cha ndogo kiligoma, nikakikata kidogo kwa msumeno wa chuma, kidogo sana, maana ukizidisha batani inabonyea hewani. Nilitaka nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya kijiti na valvu. Nikitingisha batani kwa kidole isikie uhuru kidogo kabla haijagusa kitu. Nikarudia bluu. Saa nzima, sinki jeupe.

Likabaki la yule fundi wa boya. Tangu alishushe, maji hayakutosha, tulikuwa tunaflashi mara mbili mbili, sasa akiba iko wapi? Nikafunga koki ya pembeni, nikaweka alama ya penseli kwenye usawa wa maji, nikabonyeza batani kubwa, kisha nikajaza upya mpaka kwenye alama kwa jagi la lita moja huku nahesabu. Jagi nne na nusu. Batani ndogo haikufika hata mbili. Boya nikalipandisha kwa kuzungusha skrubu yake mpaka maji yakafika kwenye mstari uliochorwa ndani ya sistani, chini kidogo ya mdomo wa lile bomba la kupokea maji yakizidi. Kubwa ikatoa sita. Ndogo ilikuwa bado mbili na nusu, nikashusha kiboya chake kidogo kilicho ubavuni mwa valvu, tundu moja tu, ikafika tatu. Kiboya hicho kikiwa juu valvu inawahi kufunga, kikishuka inachelewa.

Batani ndogo nikaitia tone la rangi ya kucha, nyekundu, kwa ajili ya watoto, ambao walikuwa wanabonyeza zote mbili kwa pamoja kama honi.

Bili iliyofuata ilikuwa uniti 10. Mama mkwe amekuja kututembelea wiki hii. Nikamwonesha batani, nikamweleza tone jekundu ni la nini, akaitikia vizuri kabisa, "Haya, mama Jamila." Dakika tano baadaye nikamsikia anateka maji kwenye ndoo kwa kopo.