Usiku haulipi deni la mchana: nilivyozinyoosha saa za vihisi shambani Njombe

Ushauri ulionichosha roho kuliko wote ni huu: "Fundi, usihangaike na saa kupotoka. Mchana joto linaikimbiza, usiku baridi inairudisha, mwisho wa siku mambo yanalingana." Nimeusikia kwa wenye vyeti, nimeusikia kwa vijana wa WhatsApp, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupima. Mimi nimepima, kwa friji ya soda.

Kazi yenyewe ilikuwa shamba la parachichi lililoko mteremkoni. Vihisi vya unyevu wa udongo vimetawanywa huku na kule, vingine vina koki za umeme za kufungulia maji. Kila kimoja kina chipu ya ATmega328P, ambayo ni kompyuta ndogo ya kukiendesha, redio ya SX1278 inayotumia LoRa, yaani mawimbi ya masafa marefu yasiyokula umeme mwingi, na betri moja ya kuchajiwa ya 18650. Nyumbani kwa msimamizi kuna kituo kinachorusha tangazo kila robo saa: saa ni ngapi, koki gani ifunguke. Kihisi kinalala, kinaamka tangazo likikaribia, kinasikiliza, kinalala tena. Redio ikisikiliza inakula kama miliampea 11, ikilala haifikishi hata maikroampea moja, yaani sehemu moja ya elfu ya miliampea. Vita yote basi ni kuamka kwa wakati. Kichelewe, tangazo limepita na miti inakaa na kiu. Kiwahi mno, betri inaungua bure.

Wanaotumia saa ya kuamshia iliyomo ndani ya chipu sitaki hata kubishana nao. Ile inaweza kupotoka hadi asilimia 10. Kwa robo saa hizo ni sekunde 90 mbele na 90 nyuma, dakika tatu za kusikiliza katika kila dakika 15. Betri ya miliampea-saa 2600 haimalizi miezi miwili.

Wakaniambia ninunue moduli za saa za DS3231. Chipu hiyo haina tatizo, niseme ukweli: kristali, kile kipande kinachotetema na kutoa mapigo ya saa, imo humo humo pamoja na kipimajoto, na kati ya nyuzi 0 na 40 haipotoki zaidi ya sehemu 2 kwa milioni, yaani dakika moja hivi kwa mwaka mzima. Tatizo ni zile moduli za bei rahisi. Nilizichukua Kariakoo kwa elfu kumi na ushee kila moja, nikaziunga, nikafunga maboksi kwa silikoni, nikarudi mjini nikitembea kifua mbele. Betri zikaanza kufa haraka kuliko hata mwanzo. Kufungua boksi, nakuta taa nyekundu inang'aa! Hako kataa kadogo kako kwenye moduli kuonyesha kwamba umeme upo, na kanakula zaidi ya miliampea moja usiku na mchana, wakati kihisi kizima kikilala kinahitaji maikroampea za kuhesabu vidoleni. Kanamulika gizani, ndani ya boksi lililofungwa kwa silikoni, kanamwangazia nani? Nikazing'oa zote kwa koleo. Halafu nikagundua moduli hizo zina njia ya kuchaji betri ya kidonge, ilhali ile CR2032 tunayopachikaga si ya kuchajiwa. Nyingine ukizisoma kwa lenzi zina herufi M mwishoni mwa jina. Hizo ni aina ya sehemu 5 kwa milioni. Nikasema basi, pesa ya mteja si ya kuchezea hivi.

Nikageukia saa mbovu za ukutani. Ndani ya kila saa ya betri kuna kikopo chembamba cha rangi ya fedha chenye miguu miwili: hiyo ndiyo kristali ya kHz 32.768. Inapigapiga mara 32,768 kwa sekunde, ukigawanya kwa mbili mara kumi na tano unabaki na sekunde moja kamili. Ng'oa kristali ya MHz 16 kwenye chipu, weka hii mahali pale pale, chipu ifanye kazi kwa MHz 8 za ndani yake, na hesabu ya saa iachiwe kipima muda namba 2, ambacho kinaendelea kuhesabu vingine vyote vikiwa vimelala. Ukishachomelea, sugua kwa mswaki na spiriti. Mabaki ya flaksi, ile dawa ya kuchomelea, yakinyonya unyevu, saa inaanza vituko ambavyo hutajua vimetoka wapi.

Hapo ndipo ule wimbo wa usiku na mchana ukaanza. Njombe mwezi wa Juni usiku unafika nyuzi 5, na boksi lililofungwa likipigwa na jua la saa saba ndani panazidi 45. Sasa kama baridi ingekuwa inafidia joto, vihisi vingine vingewahi na vingine vingechelewa. Vyangu vilichelewa vyote. Vya kivulini vilichelewa, vya juani vilichelewa.

Nikaenda kwa mama mwenye duka jirani yangu, mwenye friji ya soda yenye mlango wa kioo. Kioo ni muhimu: friji ya nyumbani ni bati tupu, redio inatoka kwa shida. "Fundi, hicho hakilipuki?" Hakilipuki mama, ni saa tu. "Na soda zangu?" Tukaelewana kwamba nitanunua za kutosha. Nikakichomeka kihisi katikati ya chupa, makusudi, kwa sababu mota ya friji ikiwaka na kuzima hewa inapanda na kushuka, lakini soda zilizojaa hazibadiliki joto upesi. Kwangu dirishani nikaning'iniza moduli ya GPS inayopokea saa ya setilaiti na kutoa pigo moja kila sekunde, hiyo ndiyo hakimu. Kihisi kikawa kinarusha saa yake, kompyuta inalinganisha. Hatua moja ya hesabu yangu ni milisekunde 3.9, kwa hiyo ukitaka kuona tofauti ya sehemu moja kwa milioni unasubiri zaidi ya saa nzima. Usiwe na haraka, kunywa soda.

Kwa joto la wastani nilikiacha mezani. Kwa joto la juu nilikipeleka kwenye banda la vifaranga la shemeji, ambako jiko la mkaa linashikilia nyuzi 33 hivi, kisha kwenye gari lililoegeshwa juani vioo vikiwa juu.

Majibu yakakaa pale pale vitabu vinaposema. Kristali hizi zinakwenda vizuri karibu na nyuzi 25. Ukitoka hapo, uende juu au chini, zinachelewa tu: zidisha tofauti ya joto kwa yenyewe, halafu kwa 0.034. Nyuzi 5 inapoteza sehemu 13.6 kwa milioni, nyuzi 45 inapoteza 13.6 hizo hizo. Usiku haulipi deni la mchana, unakopa tena.

Ukishalijua hilo, iliyobaki ni hesabu ya shule. Kipimajoto cha ndani ya ATmega328P kinaweza kukosea hadi nyuzi 10, lakini kinakosea vilevile kila siku, kwa hiyo namba nilizozipata kwenye friji na bandani zilikinyoosha hicho pia. Kihisi kinajisahihisha chenyewe kwa joto, na upungufu wa kristali yake binafsi kinajifunza kutoka kwenye matangazo. Zamani kikikosa matangazo siku nzima kilihitaji kuwahi kwa sekunde tatu na nusu. Sasa nusu sekunde inatosha.

Jingine, kabla hamjalaumu kristali: saa unayoiandika ndani ya pakiti ni ya kabla pakiti haijaruka. Kwa LoRa ya kasi pakiti ndogo huchukua chini ya milisekunde 60 hewani, kwa ile ya masafa marefu kabisa huzidi sekunde. Mimi kila tangazo linabeba saa lilipomalizika tangazo lililotangulia. Mguu wa redio uitwao DIO0 unapanda umeme mwisho wa kurusha na mwisho wa kupokea, na kilomita moja ya hewa ni maikrosekunde 3 tu, kwa hiyo pande zote mbili zinashika wakati ule ule.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisiagize kristali mpya. Mpya huzeeka, na mwaka wa kwanza zinaweza kusogea hadi sehemu 3 kwa milioni. Zangu mwaka huo zilishaumalizia kwenye kuta za watu, na saa mbovu napewa kwa mia tano, mara nyingine bure.