Sherifu Lucius Amerson wa Kaunti ya Macon

Nimerejea kutoka Tuskegee, Alabama, nilikokwenda kwa ajili ya mtu mmoja tu, Lucius Amerson, na bado nina mengi moyoni. Nilisimama mbele ya mahakama ya Kaunti ya Macon, jengo la matofali mekundu lenye mnara wa saa, nikamfikiria mtu huyu aliyepigana vita vya Korea, kisha akafanya kazi ya posta, kabla ya kuwaomba majirani zake kura za kuwa sherifu.

Kwetu mkuu wa polisi wa wilaya huteuliwa, ilhali sherifu wa Marekani huchaguliwa na wananchi, naye ndiye husimamia jela ya kaunti, hupeleka hati za mahakama na kukamata wahalifu. Kwa hiyo Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 ilipowafungulia mlango Waafrika-Wamarekani wa Macon, ambao ndio waliokuwa wengi, mamlaka hayo nayo yakawa mikononi mwao.

Mwaka 1966 haukuwa mwepesi. Mwezi Januari, mwanafunzi Sammy Younge aliuawa mjini Tuskegee kwa sababu alitaka kutumia choo kilichotengwa kwa Wazungu, na mwezi Desemba baraza la mahakama la Wazungu watupu likamwachia huru mshtakiwa. Katikati ya miezi hiyo ndipo Amerson alishinda, akaapishwa Januari 1967, sherifu mweusi wa kwanza Kusini mwa Marekani tangu enzi za Ujenzi Mpya, yaani miaka iliyofuata Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Namheshimu hasa kwa kudumu: alihudumu miaka 20, hadi 1987.